Nilivyompofusha Vandu

Alhamisi, 26 Septemba 2024

Leo nimekuwa mwanafunzi. Uzee huu, meno haya! Darasani sijawahi kukanyaga. Hata haya maandishi niliyapata ukubwani, kwenye kisomo cha jioni cha akina mama, na mpaka leo herufi zangu zinalaliana kama walevi. Sasa mjukuu wangu Kayal amenikalisha sakafuni mbele ya kigari cha mbao chenye mgongo wa mbawakawa. Kigari kinajiendea chenyewe. Nimekiita Vandu, maana mdudu mwenyewe ndivyo tunavyomwita.

Kazi yake ni hii. Mtoto anapanga vibao vya mbao kwenye mstari. Vandu anatambaa juu yake na kuvisoma kwa macho yake mawili, yaliyo chini ya tumbo. Akimaliza anashuka sakafuni kutenda alichosoma. Kibao kitupu: nenda mbele. Doa jeusi upande wa kushoto: geuka kushoto. Doa upande wa kulia: geuka kulia. Madoa pande zote mbili: rudia ulichofanya. Basi. Mtoto hahitaji kujua kusoma wala kushika kompyuta. Kayal anataka viingie madarasani, watoto waanze kuziamrisha mashine kabla hawajaanza kuziogopa.

Nikamuuliza kwa nini anijaribie mimi. Hata hakupepesa jicho. "Aachi, wewe hujui kitu. Ukikielewa wewe, mtoto wa darasa la kwanza atakielewa."

Anamwambia hivyo bibi mzaa baba! Ningempiga kofi, ila alikuwa anasema kweli.

Nilivipanga vibao kichwa chini, madoa yakatazama sakafu. Halafu nikamwambia Vandu kwa mdomo aende mlangoni. Akabaki anatambaa mbele tu. Nikarudia kwa sauti, maana nilidhani hasikii. Akaenda moja kwa moja akagonga beseni nililolowekea mchele wa idli, zile keki zetu za mvuke.

Kayal hakucheka. Aliandika. Kesho vibao vitachongwa upya, vikae kwa upande mmoja tu, mtu hata akitaka kukosea asiweze. Sijawahi kuona ujinga wangu unaheshimiwa hivi.


Jumamosi, 28 Septemba

Mwanangu Sudalai amekula bila kuinua uso. Cherehani yake iko chumba cha mbele na siku nzima inalia, lakini leo imelia kwa hasira, hata mimi mzee nimesikia.

Chanzo ni kile kile. Kayal aliacha kazi ya ofisini kule Bengaluru wakati wa joto bila kumuuliza baba yake. Wakagombana, wakapatana, na mimi nilikuwepo, nachambua mboga. Makubaliano: kufikia Vijayadashami, siku watoto wanapoanzishwa kusoma, iwepo shule moja iliyomkubali Vandu darasani. Moja tu. Ikiwepo, Kayal abaki na kazi yake hii. Isipokuwepo, kesho yake apande basi la Bengaluru. Ofisi bado imemtunzia kiti.

Leo Sudalai kasema wahandisi wa watu wanajenga madaraja, wa kwake anamtengenezea bibi vitu vya kuchezea. Nikamwambia ale, mchuzi wa rasamu unapoa. Si mtu mbaya. Ameshona sare za watoto wa watu mpaka mgongo ukapinda ili huyu asome. Anaogopa, na akiogopa anakuwa na ulimi wa mkasi.

Na mimi je? Kitabu changu mwenyewe sitakidanganya. Nusu nataka abaki kwa sababu ya Vandu. Nusu nataka abaki kwa sababu nyumba hii sasa ina mtu wa kunijibu.


Jumatatu, 30 Septemba

Aibu, halafu bahati.

Nilikuwa katikati ya somo. Nikaweka kibao cha kurudia, nikajiona bingwa. Vandu akaanza kulizunguka jiwe langu la kusagia. Akazunguka. Akazunguka tena. Sikujua kumsimamisha. Nikamkemea, nikambembeleza, mwishowe nikamchapa kofi kama ng'ombe mkorofi — ndipo nikasikia mtu anacheka kwa pua.

Mwalimu Arputham. Ni mkuu wa shule ndogo ya msingi mwisho wa mtaa wetu, mwanamke wa kanisani, hana maneno ya ziada. Alikuja kupimwa blauzi. Akainama na utepe wa Sudalai ukining'inia begani, akamtazama Vandu mpaka betri ikaisha.

Akamuuliza Kayal itakuwaje mtoto akifanya kama huyu bibi. Kayal akasema atakuwa ameshajifunza maana ya kurudia. Mwalimu akanigeukia, akaniuliza kama nimejifunza. Nikasema nimejifunza, na kizunguzungu juu.

Kisha akatoa sharti. Vijayadashami wazazi wataleta watoto wapya kuandikishwa. Atachagua mmoja ambaye hajawahi kukiona kitu hiki. Mtoto huyo amfikishe Vandu kwenye sinia la mchele, lile ambalo watoto huandikia herufi ya kwanza kwa kidole. Mtu mzima asitamke neno. Akifika, darasa la kwanza litampokea.

"Asipofika, mwanangu, tusidanganyane," akasema.

Sudalai alisikia yote. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakujibu. Namshukuru Mungu kwa pini.


Alhamisi, 3 Oktoba

Navaratri, sikukuu yetu ya siku tisa, imeingia. Nimepanga ngazi za wanasesere: mfalme na malkia wa mbao juu, chini yao miungu, chini kabisa mchuuzi na matunda yake ya udongo. Kando ya mchuuzi nimemweka Vandu. Kapendeza!

Kayal kamtafuta nyumba nzima, chini ya kitanda mpaka jikoni. Alipomwona pale kwenye ngazi, amekaa kama mgeni rasmi, akaketi chini akacheka mpaka akashika ubavu. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo.

Akamchukua kwenda kumjaribu. Jioni akamrudisha kando ya mchuuzi, na sikumwomba.


Jumapili, 6 Oktoba

Leo nimeshinda! Nilipanga vibao mwenyewe. Vandu akatoka mlangoni, akakata kona, akafika kwenye mtungi wa maji na kusimama. Nikapiga kelele kama nimeolewa upya.

Bahati mbaya nilipiga kelele mbele ya Chellakkani wa jirani, aliyekuja kutazama wanasesere na kula dengu. Yule mwanamke ana macho! Akasifu mdudu mzuri kweli, mdudu mwenye akili, tena kwa sauti ya asali, halafu akaongeza kwamba wenzake Kayal sasa hivi wanasukuma vigari vyenye watoto wao ndani. Nikamwongezea dengu ili mdomo ufanye kazi nyingine.

Alipoondoka moyo haukutulia. Mtoto akisifiwa vile, unamtia doa la wanja shavuni ili jicho baya lisimpate. Kila mtu anajua. Nikachukua kikopo changu cha wanja. Vandu nikamtia doa. Halafu nikawaza: na vibao navyo vimesifiwa. Nikavitia doa kimoja kimoja, shavu la kushoto, kwa upendo mkubwa.

Nimelala mchana kwa amani.


Jumanne, 8 Oktoba

Naandika huku uso umeniiva.

Tangu juzi Kayal hali wala haongei. Vandu amerukwa na akili. Akiambiwa mbele anageuka kushoto. Akiambiwa kulia anarudia. Anajizungusha kama mlevi anayetafuta kiatu. Kayal kafungua tumbo lake, kakagua waya mmoja mmoja, kaandika upya programu yote kwenye kompyuta, kambadilishia hata betri. Na mimi nampelekea chai, namsikitikia, nalaani jicho la Chellakkani!

Leo asubuhi akaleta kibao dirishani. Akakitazama. Akapitisha kidole upande wa kushoto, kidole kikatoka cheusi. Akakinusa.

"Aachi. Hii ni kafuri?"

Kafuri. Naichanganya kwenye wanja wangu mwenyewe, ipoze macho.

Nilitaka ardhi inimeze. Doa jeusi kushoto: geuka kushoto. Karibu wiki mbili nafundishwa hilo! Vandu hakuwa mgonjwa, alikuwa ananitii mimi.

Kayal hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema watoto nao watakuja na mikono ya mafuta na wanja, bora tumejua mapema. Lakini lile doa nililomtia Vandu mwenyewe nilimtia tumboni, na wanja umeingia kwenye jicho la kushoto. Alipolisugua likakwaruzika. Haoni tena upande huo. Jicho jipya litaletwa na basi la vifurushi Alhamisi jioni, na Ijumaa atakuwa na siku nzima ya kulifunga na kumjaribu.

Nimeapa. Wanja simpaki tena kiumbe yeyote.


Alhamisi, 10 Oktoba

Kifurushi kimefika. Jicho lenyewe dogo kuliko punje ya dengu! Kayal kalishika kama pete ya ndoa.

Nimesafisha nyumba. Kesho ni siku ya kuabudu zana za kazi. Nimeloweka unga wa mti wa sandali wa kupaka, nimeshona maua, ndimu zipo, bisi za mchele na sukari guru zipo. Sudalai kafuta cherehani mpaka inang'aa. Nitaamka kabla yao, nikaandae kila kitu.


Ijumaa, 11 Oktoba

Kila kitu. Ndivyo nilivyoandika jana, na ndivyo nilivyofanya, mimi punda.

Niliamka kabla ya jogoo. Nikaweka picha ya Saraswati, mungu mke wa elimu, nikawasha taa. Cherehani ya Sudalai nikaipaka sandali na unga mwekundu. Mikasi, utepe, pasi. Jiwe langu la kusagia. Kisha nikaenda kwenye meza ya Kayal. Bisibisi zake zote, kile chuma cha moto cha kulehemu nyaya, koleo, kompyuta, vibao. Na Vandu. Nikavibeba vyote nikavipanga mbele ya mungu mke, nikavipaka, nikavitia maua. Wanja niliapa kuuacha. Sandali hakuna aliyenikataza.

Leo zana zinapumzika. Zinaabudiwa, haziguswi mpaka kesho asubuhi. Tangu nimezaliwa sijaona mtu wa nyumba yetu anatia uzi kwenye sindano siku hii. Marehemu mume wangu hata kalamu hakushika.

Kayal akatoka kuoga, taulo kichwani, akakuta meza yake tupu.

Akaja mpaka mbele ya taa. Halafu akasema polepole, "Aachi, nina kazi ya leo tu. Nipe bisibisi moja."

"Kesho, mama. Zikishaombewa."

"Kesho saa tatu niko shuleni."

"Kesho utaamka mapema."

Mdomo wangu ulisema hivyo wenyewe, kama unavyosema kila mwaka.

Nikamtazama Sudalai. Nikadhani atafurahi — si ndilo alilolitaka, binti ashindwe? Alikuwa amesimama na kikombe, anaitazama cherehani yake chini ya maua, halafu meza ya binti yake, halafu cherehani. Akaenda kukaa barazani.

Kayal angeweza kuchukua. Nani angemzuia, mimi na goti hili? Hakuchukua. Akaketi mkekani, akala bisi, akalala. Alilala siku nzima, mdomo wazi, kama alivyokuwa mdogo. Nilikaa naye nikifukuza nzi, nikijiita majina ambayo siyaandiki hapa.

Alasiri nikashindwa. Nikamwamsha, nikamwambia achukue zana zake, dhambi iwe yangu, na Saraswati nitaongea naye mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke.

Akatikisa kichwa. "Nikichukua leo halafu kesho Vandu akwame, utajilaumu mpaka ufe, Aachi. Tena kwa sauti. Sitaki kukaa na hizo kelele."

Nikacheka, nikalia, vyote pamoja, pua ikavuja. Akanifuta kwa pindo la mtandio. Ndipo macho yake yakaenda kwa Vandu pale chini ya maua, nilivyomlaza chali. Akauliza nimempaka wapi.

Nikasema nimempaka vizuri. Paji la uso, mgongo, na vile vishimo viwili vya tumboni, vilijaa kabisa.

"Hayo ndiyo macho yake."

Nayajua ni macho! Wiki mbili nayajua! Alfajiri mkono ulikuwa unapaka na kichwa kilikuwa kinaomba, na havikuulizana.

Akauliza kuhusu jicho jipya. Nikasema lile nalo nimelitoa kwenye boksi nikalichovya, ili baraka zifike kote.

Kayal akajilaza tena, akajifunika uso.


Jumamosi, 12 Oktoba

Naandikia shuleni, kwenye benchi la watoto, magoti yananigusa kidevu. Kayal kanipa masharti: nisiseme, nisinyooshe kidole, nisikohoe kwa maana. Nimeona njia pekee ni kuushughulisha mkono. Kwa hiyo naandika. Mwalimu akiuliza, naandika mapishi.

Haraka haraka, ya asubuhi. Tuliomba gizani, Kayal akapiga goti, akachukua bisibisi. Sandali ilikuwa imekauka kama saruji. Jicho la kulia alilisafisha salama kwa pamba na maji ya uvuguvugu. La kushoto lilishakufa. Jipya alilikwangua taratibu, kiguu chake kimoja cha waya kikavunjika, basi. Nilikuwa nimemshikia taa.

Kwa hiyo Vandu ana jicho moja. Kushoto haoni. Ukimwekea kibao cha kushoto anakiona kitupu, anaenda mbele tu.

Tulipofika, sinia la mchele lilikuwa limeshawekwa. Wapi? Vandu anaanzia mlangoni, anaenda mbele, halafu sinia liko kushoto. Kushoto!

Kayal hakuficha. Alimwambia Mwalimu Arputham kwamba leo hageuki kushoto, akaomba sinia lihamishiwe upande wa pili. Nikafumbua mdomo niseme kosa ni langu, Kayal akanikanyaga mguu.

Mwalimu akafikiri. "Nikikubali kitu hiki darasani, siku kitakapoharibika nani atawahamishia ukuta? Sinia libaki. Mtoto aambiwe ukweli."

Mtoto ni Anbarasi. Kametoka kuandika herufi yake ya kwanza, punje za mchele bado zimeganda kwenye kidole. Meno ya mbele hayapo. Mwalimu akamwonyesha vibao, akamwambia mdudu huyu ni mgonjwa wa jicho, kushoto haoni. Akampeleka kwenye mstari.

Anbarasi akaweka kitupu, kisha cha kushoto. Watoto hawa! Si ameambiwa? Vandu akasoma, akashuka, akaenda mbele, mbele, akagonga ukuta. Wazazi wakaguna. Mama yake akataka kusema, Mwalimu akamtazama, akayameza maneno.

Mtoto akamrudisha Vandu mwanzo. Akakaa. Akachukua punje moja ya mchele kidoleni akaila. Akaweka kitupu, kisha cha kulia. Vandu akaenda mbele, akageukia kulia, sinia likabaki nyuma yake kabisa.

Kayal ameuma pindo la mtandio. Anajua. Naona shingoni kwake anajua kitu, jibu lipo na haruhusiwi kulitoa. Mimi sijui kitu. Mimi naona kulia tu, na sinia liko kushoto, na naona basi la kesho, na kiti cha Bengaluru, na nyumba isiyo na wa kunijibu. Yote kwa kijiko cha sandali.

Sasa ameongeza cha kulia kingine. Kulia, kulia. Vandu amegeuka, amegeuka tena, anatutazama sisi, mgongo kwa ukuta. Watu wanacheka. Mzazi mmoja ananong'ona kwamba mdudu amesahau kitu nyumbani anataka kurudi.

Anbarasi hacheki. Ameinua kichwa, anatazama mlangoni.

Nami nimegeuka. Sudalai. Alisema haji! Alisema siku ya leo ndiyo anafungua cherehani, ana blauzi za watu. Amesimama pale mlangoni, utepe shingoni, sandali ya jana bado iko kwenye kidole gumba. Hamtazami mtu. Anajitazama miguu yake. Amegeuka kulia, akasimama. Amegeuka tena kulia, akasimama. Anahesabu kwa midomo bila sauti, kama anavyopima kola. Fundi mzima anajizungusha mlangoni pa shule mbele ya wake za watu!

Amegeuka tena kulia.

Eh. Kulia mara tatu, na sasa anatazama sinia.

Mwalimu Arputham amemwona. Sharti lilikuwa mtu mzima asitamke neno. Hajatamka. Mwalimu amevua miwani, anaifuta kwa pindo la sari, anaifuta sana, hata haina vumbi.

Kayal naye amemwona baba yake. Ameachia mtandio.

Anbarasi amesimama. Anageuka kama Sudalai, kisigino juu ya sakafu, mikono imetanuliwa, mara moja, mara ya pili. Amejikwaa. Anaanza tena. Mkono wangu unataka kunyooka, naubana na kalamu. Mtoto amepiga magoti. Amechukua kibao kutoka kwenye kikapu, anakitazama doa liko upande gani, ni kulia, anakipeleka kwenye mstari, cha tatu.